Salamu kwa Mama Hyasinta

"Kaka, toa gunia lako hapo. Toa sasa hivi."

Baltazar aligeuka kuona ni nani anayemsemesha. Ilikuwa saa tatu asubuhi na soko la Mwigobero, pale ufukweni Musoma, lilikuwa limejaa. Mitumbwi ya visiwani ilishafika, na akina mama wa dagaa walikuwa wamemwaga mali yao juu ya maturubai mpaka katikati ya njia. Mbele yake alisimama dada mmoja mrefu, amevaa gauni la kitenge chekundu na kilemba cha kitambaa hichohicho. Mkononi alishika vikombe sita vilivyofungwa kwa gazeti.

"Unasema na mimi?"

"Nani mwingine ameegemeza buni kwenye dagaa? Hiyo kahawa itanuka samaki mpaka Krismasi. Kahawa inavutaga harufu, hujui?"

"Mimi najua kuchomelea mageti, dada. Kahawa siijui."

"Inaonekana."

Mama mwenye dagaa aliinua uso. "Na dagaa wangu wananukaje, mwanangu?"

"Wananukia vizuri, mama. Ila kwenye kikombe hapana."

Watu wa karibu walicheka. Baltazar naye alicheka, akalibeba gunia begani na kulisogeza hadi kwenye kibaraza cha duka lililokuwa limefungwa. Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu yenye matundu madogomadogo kifuani, alama za cheche. Yule dada alimfuata. Hakuomba ruhusa. Alifungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akatoa punje chache na kuzinusa. Moja akaitafuna.

"Imetoka wapi hii?"

"Butiama. Ni ya mama."

"Mama ameianika wapi?"

"Juu ya chanja ya miti. Hataki kabisa iguse udongo. Na hageuzi kwa reki, anageuzaga kwa mkono. Punje mbaya anazitoa mojamoja, utafikiri anachagua mchele wa harusi." Alisema hayo kwa haraka, kisha akaangalia upande wa ziwa.

"Unaiuza?"

"Ndiyo nimekuja kuiuza. Nyumbani yapo magunia mengine mawili. Baada ya hapo miti itang'olewa, tupande mahindi."

"Ising'olewe." Dada alijifuta mkono kwenye gauni. "Naitwa Debora. Nafungua duka la kahawa Mtaa wa Mukendo, wiki tatu kutoka leo. Si chai na chapati, kahawa tu. Nimezunguka mpaka Tarime kutafuta buni kama hii. Nachukua magunia yote matatu, na miti ikizaa tena nachukua."

Walikubaliana bei palepale. Wakati wa kuagana Debora akasema, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angesema, "Mwambie mama shikamoo. Mwambie kuna mtu Musoma amesema buni yake ni safi."

Baltazar alifungua mdomo, akaufunga. Mama wa dagaa alikuwa anapiga kelele za bei nyuma yao.

"Nitamwambia," alisema.

*

Duka la Debora lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, mabenchi mawili ndani na moja nje kibarazani. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka mitano kwenye hoteli moja ya Mwanza, akiwapikia wageni kahawa kwa mashine iliyotoka mbali, na kila siku alijiuliza kwa nini nyumbani kwao Mara watu wanakunywa kahawa ya kopo wakati kahawa inaota kwenye milima yao. Akiba yake yote aliiweka kwenye chumba hicho. Mashine ya kukaangia hakuimudu. Baltazar alipoleta gunia la pili na kumkuta anakaanga kwa sufuria, jasho likimtiririka, alisimama mlangoni kwa muda.

"Unaziunguza upande mmoja."

"Mtu wa mageti ameanza kujua kahawa."

"Sijui kahawa. Najua moto."

Baada ya siku nne alirudi na pipa la chuma lenye mhimili katikati na mkono wa kuzungushia, limekaa juu ya jiko la mkaa kama mtoto mgongoni. Debora alilizungusha, akasikia punje zikicheza ndani, akamtazama Baltazar. Ndipo mambo yao yalipoanza, ingawa wao wenyewe walichelewa kujua.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Khalidi. Huyu aliuza kahawa mtaani kwa dele, lile birika la shaba, miaka thelathini, mpaka magoti yalipomkatalia. Alikuja kuona ni mtoto gani anayemchezea kazi yake. Alikaa kibarazani, akaonja, akakunja uso.

"Chungu?" Debora aliuliza.

"Kahawa ni lazima iwe chungu. Ninachouliza ni yale maziwa kwenye jagi. Unamwekea nani, ndama?"

"Wateja wa ofisini wanapendaga, mzee."

"Basi wewe unauza uji." Akasogeza kikombe. "Ongeza."

Tangu siku hiyo hakukosa asubuhi hata moja.

Ukutani Debora alitundika ubao mweusi na kuandika kwa chaki: Kahawa ya Mama Hyasinta, Butiama. Wateja walipouliza Hyasinta ni nani, aliwaeleza habari ya chanja na mkono unaogeuza punje. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, Baltazar alipanda kwenda Butiama, na kila mara Debora alituma salamu. Baadaye akaanza kutuma na vitu: kilo mbili za sukari, majani ya chai, khanga ya zambarau aliyoichagua kwa nusu saa.

Na majibu yalirudi.

"Mama amesema marahaba. Amesema uangalie usiungue mikono na lile pipa."

"Mama amekuletea karanga. Anauliza kama unakulaga, au unashinda na kahawa tu tumboni."

"Mwambie ninakula," Debora alisema huku anacheka. Jioni hiyo alienda kununua samaki, kwa sababu hakuwa amekula.

Wateja nao wakaingia kwenye mchezo huo bila kujua ni mchezo. Mwalimu Stanislausi, aliyepitia pale kila siku kabla ya vipindi, alisikia kwamba mama ana shida ya magoti, akatuma chupa ya dawa ya kuchua. Mzee Khalidi aliuliza kila asubuhi Baltazar alipopita: "Fundi, mama hajambo?" Baltazar alijibu, "Hajambo, mzee," na kuingia ndani haraka.

Simu zao zilikuwa ndefu siku hizo.

"Umelala, Debo?"

"Nimelala. Anayeongea ni ndoto."

"Mwambie ndoto kesho nitachelewa, nina geti la kanisa."

"Ndoto imesema ukichelewa kahawa yako anapewa Mzee Khalidi."

"Yule si atakufa kwa kahawa."

"Atakufa akilalamika. Lala, Balta wangu."

Mwezi wa sita ile hoteli ya Mwanza ilimpigia. Walitaka arudi, awe msimamizi wa kahawa yote, mshahara mara mbili ya zamani, mkataba wa miaka mitatu. Duka lilikuwa bado changa. Siku za mvua aliuza vikombe kumi. Debora alikaa na barua hiyo wiki nzima. Mwishowe akamwambia Baltazar, "Nenda ukamuulize mama. Yeye amekaa na miti inayozaa baada ya miaka mitatu, anajua kusubiri. Atakalosema nitalifuata."

Baltazar alirudi Jumapili. Hakukaa.

"Amesema usiondoke," alisema. "Amesema duka ni lako."

Jumatatu Debora aliwaandikia hoteli kwamba hatakwenda.

*

Mama yake Debora alikaa Kabasa, kule Bunda, na hakuwa mtu wa kusubiri. Baltazar alikuwa amesema wazi kwamba anataka kuoa. Sasa barua ya posa ilikuwa wapi?

"Debora," alisema kwenye simu, "huyo fundi wako ana ukoo?"

"Ana mama, ana dada."

"Umewaona?"

"Bado. Ila mama yake tunasalimianaga."

"Kwa simu?"

"Hana simu. Anasema inamchosha masikio."

"Mwanangu, mtu aliyeanza kuleta kahawa mwezi wa tatu na huu ni wa kumi na moja, na hujawahi kukanyaga kwao. Butiama si Ulaya. Huyo ana mke."

Debora alikasirika, akakata simu. Lakini neno lilibaki. Alikumbuka kila safari aliyoomba. Mara barabara imeharibika, mara mama amesafiri kwa ndugu, mara mama ana homa na hataki mgeni amwone hivyo. Jumatatu moja alifunga duka, akavaa gauni lake refu la kijani, akaweka khanga mpya, sukari na mkate mkubwa kwenye mfuko, akaenda. Hakumwambia Baltazar.

Njiani alijiandaa. Aliwaza atakavyomsalimia huyo mke. Aliamua hatapiga kelele, hatalia, atakabidhi sukari na kuondoka.

Nyumba alielekezwa kwa urahisi, maana kila mtu alilijua shamba la Hyasinta. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa, na chanja ya miti ilisimama palepale alipoiwaza. Mwanamke mmoja mnene kiasi, khanga kiunoni, alikuwa amesimama anageuza buni kwa mkono.

Huyu ndiye, Debora aliwaza.

"Hodi."

"Karibu, dada. Karibu sana."

"Natoka Musoma. Naitwa Debora, ninayenunua kahawa. Nimekuja kumsalimia mama."

Mikono ya yule mwanamke ilisimama juu ya punje. "Mama yupi?"

"Mama Hyasinta. Mama yake Baltazar."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama gauni, mfuko, mkate uliochungulia. Kisha akatoa kigoda kutoka mlangoni na kukipangusa kwa khanga yake.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Kama wewe ni mke wake niambie tu nikiwa nimesimama hivihivi."

"Mke?" Mwanamke alitikisa kichwa. "Mimi ni Tabitha. Baltazar ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Hana mke." Akasita. "Yeye hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

Tabitha aligeuka akatazama nyuma ya nyumba, na Debora akafuata macho yake. Kati ya mistari miwili ya mikahawa kulikuwa na kaburi lililosakafiwa kwa saruji. Kichwani palikuwa na msalaba wa chuma, umechomelewa vizuri sana, kila kiungo laini. Debora alijua mkono huo. Alikuwa anauona kila siku kwenye pipa lake.

Alitembea mpaka pale. Jina lilikuwa Hyasinta. Tarehe ilikuwa kumi na moja Agosti, mwaka jana. Alisoma mara ya kwanza akadhani amekosea. Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu alihesabu kwa vidole kama mtoto: Agosti mpaka Machi, miezi saba. Siku ile Mwigobero, alipozamisha mkono kwenye gunia, mwenye buni alikuwa amelala hapa miezi saba.

"Gunia ulilonunua kwanza aliligeuza mwenyewe," Tabitha alisema nyuma yake, taratibu. "Na hayo mawili yaliyofuata. Ya mwaka huu amechuma Baltazar. Mjomba alitaka miti ing'olewe, Baltazar akakataa. Mimi nilijua ana mteja tu. Sikujua mengine."

"Vitu nilivyotuma," Debora alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Sukari. Khanga."

Tabitha alimpeleka ndani. Chumba cha marehemu kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa. Juu ya kitanda vilipangwa vyote: khanga ya zambarau, na zilizofuata, ya kijani na ya njano, zimekunjwa pembe kwa pembe. Pakiti za sukari zilisimama mstarini pamoja na majani ya chai. Chupa ya dawa ya magoti ya Mwalimu Stanislausi ilikuwa bado na kizibo cha dukani.

"Kila akija anaingia humu peke yake," Tabitha alisema. "Halafu anaenda pale kaburini anasimama. Nilidhani ni majonzi tu, ananunua vitu kwa ajili ya kumkumbuka. Siku ya mazishi hakusema neno, dada. Alichomelea huo msalaba, akausimamisha, akarudi Musoma. Mpaka leo hajawahi kusema mbele yangu kwamba mama amekufa."

Debora alitoka nje, akakaa kwenye kile kigoda. Hakulia. Alikuwa anawaza kitu kimoja tu, kinarudi na kurudi. Kama mama amekufa Agosti, ni nani aliyesema mwezi wa sita nisiondoke?

*

Alirudi Musoma kabla ya jua kuzama. Simu ya Baltazar iliita mara tano njiani, mara nane jioni. Hakupokea. Asubuhi iliyofuata hakufungua duka, wala ya pili, wala ya tatu. Mzee Khalidi alikuja kila siku, akakaa kibarazani penye mlango uliofungwa, akangoja, akaondoka. Siku ya tatu alimpigia.

"Binti, unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi mimi ndiye ninayeumwa. Kichwa kinanipasuka."

Siku hiyo jioni Baltazar alikuja. Ovaroli hakuvaa, alivaa shati jeupe, kola imekunjika vibaya. Alimkuta Debora ndani, mlango wazi nusu, anaosha vikombe visivyo na uchafu.

"Tabitha amenipigia," alisema.

"Kaa hapo."

Alikaa kwenye benchi la wateja. Debora alibaki nyuma ya meza.

"Nani alisema niangalie nisiungue mikono?"

"Mimi."

"Nani aliuliza kama ninakula?"

"Mimi, Debo."

"Nani alinitumia karanga?"

"Nilinunua Makutano, njiani."

Debora alisuuza kikombe, akakisuuza tena. Kulikuwa na swali moja limebaki, na aliamua halitoki kinywani mwake. Akisema mwenyewe, sawa. Asiposema, mlango uko wazi.

Baltazar aliangalia mikono yake. "Na lile la Mwanza," alisema. "Mengine yote niliyasema kwa sababu yeye angeyasema. Ndivyo alivyokuwa akiuliza, umekula, umeungua. Lakini la Mwanza siyo. Mama angekwambia nenda. Alikuwa mtu wa kusema nenda. Mimi mwenyewe alinifukuza shambani nikajifunze ufundi. Nilisimama pale kaburini nikajua kabisa angesema nini, nikarudi nikakwambia kinyume. Niliogopa utaondoka."

Kikombe kilitoka mikononi mwa Debora na kutumbukia kwenye beseni. Hakikuvunjika.

"Kwa hiyo maisha yangu uliyaamua kwa mdomo wa marehemu."

"Ndiyo."

"Ungesema wewe. Ungesema, Debora, mimi Baltazar nakuomba usiende. Labda ningebaki. Sasa sitajua."

"Najua. Wala sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani."

"Kwa nini lakini? Siku ya kwanza, ungeniambia tu. Ningekupa pole, tungeendelea."

Baltazar alijaribu kuinyoosha kola yake, akaiacha.

"Tulizika siku ya Jumatano," alisema. "Ijumaa watu walikunja turubai. Simu za pole zikaja wiki mbili, zikaisha. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja. Mjomba anasema shamba, Tabitha anasema nyumba, hakuna anayesema Hyasinta. Miezi saba. Halafu wewe pale Mwigobero ukasema mwambie mama shikamoo. Nilitaka kukwambia. Lakini nilijisikia kama nimepewa mzigo wa kumpelekea, na nikiupeleka atakuwepo wa kuupokea. Nikaupeleka kweli. Sikukudanganya kwenye kupeleka. Kila salamu yako niliisema pale, na ya mzee, na ya mwalimu."

Debora alichukua kikombe kingine, akakitumbukiza majini. Hakutaka kumhurumia bado.

"Umewahi kulisema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba amekufa. Kwa mdomo wako."

Baltazar alitikisa kichwa.

"Kesho nafungua," Debora alisema. "Watakuja wote, na watauliza habari za mama, kama kila siku. Mimi sitawajibu. Nimewadanganya miezi minane bila kujua, sitaki kuwadanganya tena nikijua. Njoo uwajibu wewe. Usipokuja, usije tena."

*

Saa moja na nusu asubuhi benchi la kibarazani lilikuwa limejaa. Waliokuwa wamekosa kahawa siku nne walikunywa kikombe baada ya kikombe. Debora alivaa nguo nyeusi na nyeupe, aproni juu, akamimina. Wakamuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na safari. Ubaoni jina lilikuwa bado limeandikwa. Alikuwa amelishikia kitambaa usiku uliopita, akashindwa kulifuta.

Baltazar alitokea akitembea kwa miguu kutoka upande wa Nyasho.

"Haya, fundi naye kafufuka," Mzee Khalidi alisema. "Mlikuwa mmeambizana mtutese? Mama hajambo?"

Baltazar alisimama katikati ya kibaraza. Kila siku alipita haraka, leo hakupita. Alifungua mdomo. Debora, ndani, aliacha kumimina.

"Mzee," Baltazar alisema.

"Naam."

"Mama amekufa."

Vikombe viliteremka. Mwalimu Stanislausi alivua miwani. "Ee Mungu wangu. Lini? Jana?"

"Mwaka jana," Baltazar alisema. "Agosti, tarehe kumi na moja."

Hakuna aliyeelewa. Nyuso ziligeukiana. Mwalimu alisema taratibu, kama anamsahihisha mwanafunzi, "Baltazar, mwezi uliopita nilimtumia dawa ya magoti. Ulisema imemsaidia."

"Nilisema hivyo. Alishakuwa amekufa, mwalimu. Mlipoanza kumsalimia alishakufa. Nilikuwa nawadanganya. Debora hakujua, amejua Jumatatu."

Mzee Khalidi alikuwa bado ameshika kikombe hewani. Kiliinama, kahawa ikamwagika kwenye kanzu, wala hakuifuta.

"Unataka kuniambia," alisema, "kila asubuhi namsalimia mtu aliye kaburini?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unanijibu hajambo?"

"Ndiyo."

Debora alishika ukingo wa meza. Alimwona Mzee Khalidi akiweka kikombe chini, akiegemea fimbo, akinyanyuka kwa shida, na alidhani anaondoka. Nusu ya wateja wangemfuata. Duka lingeisha leo.

Mzee alisimama mbele ya Baltazar, uso kwa uso.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema. "Alikufaje?"

"Mzee?"

"Nimepata habari ya msiba sasa hivi. Nauliza marehemu alikufaje. Si ndivyo watu wanavyouliza?"

Ndipo Baltazar alipoanza kusema. Alisema kwamba ilikuwa asubuhi, mama alikuwa kwenye chanja, Tabitha akasikia kishindo. Alisema kwamba hospitali walikaa siku tatu na kwamba hakuzungumza tena, ila vidole vyake vilikuwa vinasogea juu ya shuka, vinageuza. Alisema alifika siku ya tatu, alichelewa kwa sababu ya kazi ya geti, na mpaka leo hapiti mtaa wenye lile geti. Alisema yote hayo amesimama, machozi yanamdondoka kidevuni kwenye shati jeupe, na hakuna aliyemkatisha. Mtu wa bodaboda aliyekuwa ameegesha aje kuchukua kahawa alizima pikipiki.

Alipomaliza, Mwalimu Stanislausi alimsogelea wa kwanza, akamshika mabega. "Pole, kaka. Ungetuambia." Wakaja wengine, mmoja mmoja, pole sana, pole fundi, Mungu akutie nguvu. Walimkalisha kwenye benchi. Mtu mmoja alikuja mezani kwa Debora na jagi la maziwa, akalirudisha mahali pake. "Msibani hatuagizi maziwa," alisema.

Mzee Khalidi alikuwa wa mwisho. Alimpa Baltazar mkono, akaushikilia. "Pole, mwanangu. Hasira yangu nitakwambia siku nyingine."

Kisha akageuka, akaburuta magoti yake mpaka mlangoni, akanyoosha mkono kwa Debora.

"Na wewe pole," alisema. "Kwa kufiwa na mkwe."

Kibaraza kizima kilimtazama Debora. Alijua anaweza kusema hapana, mimi si mkwe wa mtu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimwaza mama yake Kabasa, na mkataba wa Mwanza ambao mtu mwingine alishausaini. Alimtazama Baltazar, alikuwa ameinamisha kichwa, haangalii, haombi kitu, hatumi neno kupitia kwa mtu yeyote.

Debora alijifuta mikono kwenye aproni, akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Asante, mzee," alisema. "Tumepokea."

Akavua aproni, akaiacha juu ya meza, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi kando ya mfiwa. Birika lilibaki jikoni. Asubuhi hiyo kila aliyeingia alijimiminia mwenyewe.